Kabla ya Kutuma Dodoso: Hotuba Kuhusu Orodha za Ubora wa Vyuo Vikuu

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, watumishi wa ofisi za udahili na uthibiti ubora, wanafunzi wetu, na wazazi mliokubali kuketi nasi mchana huu wa joto,

Nimeombwa nizungumzie orodha za ubora wa vyuo vikuu, zile ambazo zikitoka na tumepanda tunatundika bango langoni, na zikitoka na tumeshuka hakuna anayekumbuka kwamba zimetoka. Nimekubali kwa sababu moja. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi kwa miaka kadhaa katika ofisi ya uthibiti ubora ya chuo ambacho sitakitaja, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kujaza madodoso ya waandaaji wa orodha hizo. Baadhi ya tarakimu zilizokwenda huko duniani niliziandika mimi mwenyewe, na si zote ninazoweza kuziapia.

Niwasimulie swali moja tu la dodoso, maana kwa nje lilionekana jepesi kuliko yote: chuo kina wahadhiri wangapi wa kudumu? Ofisi ya utumishi ilinipa orodha ya wanaolipwa mshahara. Wakuu wa idara walinipa orodha ya wanaoonekana kwenye ratiba. Nilipoamua kupita mwenyewe mlango kwa mlango nikapata orodha ya tatu, fupi kuliko zote. Katika ile ya utumishi alikuwamo mwalimu aliyekuwa mwaka wa nne masomoni nje ya nchi, mwingine aliyeazimwa na wizara, na mmoja ambaye sote tulikwenda kumzika. Katika ile ya idara walikuwamo wahadhiri wa muda, wanaokuja jioni kufundisha kozi moja kisha wanarudi kwenye vyuo vyao, ambavyo navyo bila shaka viliwahesabu. Nikamwuliza mkubwa wangu nitumie ipi. Hakunifokea wala hakuniamuru. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba swali halijakataza kutumia orodha ndefu. Nikazichanganya mbili za kwanza nikapata moja ndefu zaidi, nikaituma. Uwiano wa wanafunzi kwa mhadhiri ukapendeza machoni, lakini madarasani hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyepata dakika ya ziada ya kuuliza swali.

Nimelianza hilo makusudi, kwa sababu mjadala wetu kuhusu orodha hizi huishia kwenye lawama kwamba wazungu wametuonea au kwamba mizani haikutengenezwa kwa ajili yetu. Lawama hizo zina ukweli, nami nitazigusa. Ila jambo lililonileta hapa ni jingine: chuo kisichokuwa na hesabu zake chenyewe, zilizo wazi na zinazoweza kukaguliwa na watu wake, hakina cha kulijibu dodoso la mtu mwingine isipokuwa kubahatisha, na mazoea ya kubahatisha hatimaye huzaa kudanganya.

Tuanze na mizani zenyewe, maana wengi wetu tunazitaja bila kujua zinapima nini. Jarida la U.S. News & World Report la Marekani lilitoa orodha yake ya kwanza mwaka 1983, na mwaka ule kazi yote ilikuwa kuwauliza wakuu wa vyuo vyuo gani wanaviona kuwa bora; takwimu ziliongezwa baadaye. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Jiao Tong cha Shanghai kikatoa orodha ya dunia nzima, nacho kilikuwa na shida ya kweli iliyokisukuma, yaani kujua vyuo vya China viko mbali kiasi gani na vile vinavyoongoza. Mwaka uliofuata Waingereza wa jarida la Times Higher Education na kampuni ya QS wakatoa yao kwa ushirikiano, kisha wakaachana, na leo kila mmoja ana orodha yake.

Angalieni mgawanyo wa alama. Katika orodha ya Shanghai, asilimia 30 hutokana na tuzo za Nobel na nishani ya Fields ya hisabati: asilimia 10 kwa wahitimu waliozipata na asilimia 20 kwa wahadhiri. Asilimia 20 nyingine ni makala zilizotoka katika majarida mawili tu, Nature na Science. Na katika kipengele cha wahadhiri, Nobel zinazohesabiwa ni za fizikia, kemia, tiba na uchumi. Za fasihi na za amani hazimo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel ya Fasihi mwaka 2021 baada ya kufundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent, Waswahili tulishangilia kutoka Malindi hadi Mnazi Mmoja, lakini mizani hiyo haikumwona kama mwalimu. Wala isingemwona Wangari Maathai, aliyepata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971 na akafundisha pale pale, hata kama tuzo yake ya amani ya mwaka 2004 ingemkuta bado anashika chaki.

QS kwa miaka mingi ilitoa asilimia 40 ya alama zake kwa sifa, yaani maoni ya wanataaluma wanaotumiwa dodoso na kuombwa wataje vyuo wanavyoviona bora. Baadaye iliishusha hadi asilimia 30. Hapa ndipo ninapoona udhaifu mkubwa kuliko ule wa Nobel, ambayo angalau ipo au haipo. Profesa wa Toronto akiulizwa vyuo bora vya kilimo atataja anavyovisikia, na anavyovisikia ni vile vilivyokuwa kwenye orodha ya mwaka jana. Sifa inazaa cheo, cheo nacho kinazaa sifa, na chuo kisichosikika kitaendelea kutosikika hata kikifanya kazi usiku na mchana.

Sasa niwapeleke New York, kwa sababu kisa cha huko kinafundisha kuliko nadharia yoyote. Chuo Kikuu cha Columbia kilikuwa nafasi ya 18 katika orodha ya U.S. News ya mwaka 1988. Kikapanda taratibu, mwaka baada ya mwaka, hadi kikafika nafasi ya 2 katika toleo la 2022. Profesa wake mmoja wa hisabati, Michael Thaddeus, alijiuliza jinsi kupanda huko kulivyotokea, akaketi na tarakimu ambazo chuo chake mwenyewe kilikuwa kimezipeleka. Chuo kilidai kwamba asilimia 82.5 ya madarasa yake ya shahada ya kwanza yalikuwa na wanafunzi chini ya 20. Mwelewe kwamba kipengele hicho kilikuwa na thamani katika mizani ile wakati huo: darasa la watu 19 lilikuletea alama za juu, ukimwingiza wa ishirini alama zikapungua. Thaddeus hakuhitaji kuvunja kabati la mtu. Orodha ya madarasa ya Columbia ilikuwa wazi mtandaoni, na kila darasa lilionyesha idadi ya waliojiandikisha. Akaanza kuhesabu. Jibu lake likaangukia kati ya asilimia 62.7 na 66.9.

Akaendelea. Chuo kilikuwa kimesema kinatumia zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka katika kufundisha, kiasi ambacho, kwa hesabu yake, kilizidi vya Harvard, Yale na Princeton vikijumlishwa pamoja. Alipochimba akaona maelezo yanayoingia akilini ni kwamba gharama za kutibu wagonjwa katika kituo cha tiba cha chuo zilikuwa zimetiwa kwenye kapu la ufundishaji. Aliyachapisha yote hayo kwenye ukurasa wake wa mtandao mwezi Februari 2022. Mwezi Septemba chuo kilikiri kwamba baadhi ya takwimu zake hazikuwa sahihi, na hesabu yake mpya ya madarasa madogo ikashuka hadi asilimia 57 hivi, chini hata ya ile ya profesa. Orodha mpya ilipotoka, Columbia ilikuwa nafasi ya 18, palepale ilipokuwa mwaka 1988.

Ndugu zangu, nilipokisoma kisa hicho nilikiona kile chumba changu kidogo na ile orodha ndefu ya wahadhiri. Tofauti yetu na wao ilikuwa ukubwa wa fedha tu. Sidhani kama pale Columbia kulikuwa na mtu aliyeamka asubuhi akisema leo nitadanganya dunia. Naamini, ingawa siwezi kuthibitisha, kwamba kulikuwa na karani mmoja aliyeuliza atumie orodha ipi, na mkubwa mmoja mpole.

Wala msidhani Afrika tumetazama tu. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Alexandria cha Misri kiliibuka nafasi ya 147 duniani katika orodha ya Times Higher Education, na katika kipengele cha makala kurejelewa na watafiti wengine kikawa cha 4 katika dunia nzima. Wamisri wenyewe walishangaa. Ilipochunguzwa ikaonekana alama zile zilitokana kwa sehemu kubwa na mtafiti mmoja aliyechapisha makala nyingi sana katika jarida alilolihariri yeye mwenyewe. Mtu mmoja alikuwa amekiinua chuo kizima chenye maelfu ya wanafunzi, na hakuna aliyekaa darasani aliyehisi kuinuliwa.

Mtaniuliza: kama mambo ni hayo, kwa nini tusijitoe? Wapo waliojitoa. Chuo cha Reed cha Oregon kiliacha kupeleka takwimu U.S. News tangu mwaka 1995. Mwezi Novemba 2022 shule za sheria za Yale na Harvard zilitangaza kujitoa, Columbia nayo ikaacha kupeleka takwimu za shahada ya kwanza mwaka 2023, na katika miaka hiyohiyo Utrecht cha Uholanzi na Zurich cha Uswisi vikajiondoa kwa Times Higher Education. Ninawapongeza, lakini naomba tusiwaige kwa pupa. Yale ikijitoa, mwanafunzi wa Yale hapotezi kitu, maana jina limetangulia. Sisi hatujafika hapo, na dunia imeanza kutumia orodha hizi kama mihuri ya pasipoti. Mwaka 2022 Uingereza ilianzisha viza kwa wahitimu inaowaita wenye uwezo mkubwa, ambayo ilitolewa kwa waliohitimu katika vyuo vilivyokuwa ndani ya 50 bora kwa angalau orodha mbili kati ya tatu kubwa. Katika orodha yake ya kwanza hapakuwa na chuo hata kimoja cha Afrika. Uholanzi nayo ina kibali cha kutafuta kazi kinachoangalia 200 bora. Kijana aliyefaulu Makerere, Mlimani Dar es Salaam au Nairobi kwa daraja la kwanza anasimamishwa mlangoni, na kinachomsimamisha ni ile asilimia 30 ya Nobel na yale maoni ya profesa wa Toronto. Kwa hiyo anayesema orodha hizi ni upuuzi anasema kweli nusu tu. Upuuzi unaoshika ufunguo wa mlango lazima ushughulikiwe.

Niruhusuni nitoke kidogo nje ya mstari, kisha nitarudi. Mwaka 1961 chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifunguliwa mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mgawanyo ulikuwa hivi: uhandisi Nairobi, udaktari Makerere, sheria Dar. Mkenya aliyetaka sheria alipanda basi akaja Dar. Mtanganyika aliyetaka kuwa daktari akaenda Kampala. Leo QS inatoa asilimia 5 kwa idadi ya wanafunzi wa kigeni, na vyuo vinaajiri mawakala wa kuwatafuta. Sisi tulikuwa na wanafunzi wa kigeni tele bila wakala yeyote, kwa sababu wazee walikubaliana kwamba nchi tatu maskini hazina haja ya kujenga shule tatu za kila kitu. Hakuna dodoso lililouliza kuhusu makubaliano ya akili namna ile, na hata leo halipo.

Narudi. Mambo ambayo mizani hizi haziyaoni si ya kubuni, tunaishi nayo. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, panya buku wanafundishwa na shirika la APOPO kunusa baruti na kunusa vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Nimewahi kusimama kwenye uwanja wao wa mazoezi mapema asubuhi kabla jua halijawa kali: panya amefungwa mkanda kifuani, kamba imenyooshwa kati ya watu wawili, naye anakwenda akinusa mpaka anapofika mahali akasimama na kuparura udongo, ndipo anapewa kipande cha ndizi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapo, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamvisha nishani ya dhahabu. Sisemi kazi hiyo haihesabiwi kabisa. Makala inayoandikwa kuhusu panya huhesabiwa, tena ikirejelewa inaleta alama. Kisichohesabiwa ni shamba ambalo sasa mtu anaweza kulilima bila kupoteza mguu.

Au chukueni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1981. Sidhani kama kuna kazi ya chuo kikuu katika nchi hii iliyoingia katika nyumba nyingi na madarasa mengi kuliko hiyo. Haikutoka katika Nature. Mhadhiri kijana anayetaka kupanda cheo leo atashauriwa na wakubwa wake, kwa nia njema, aachane na kamusi aandike makala tatu fupi za Kiingereza, na hapo ndipo naona dodoso limeacha kuuliza na limeanza kuamuru.

Basi tuhesabu nini? Sikuja na mizani mpya mfukoni, na ninawaogopa wanaokuja nayo. Nitataja jambo moja ninalolijua vizuri, nalo ni muda ambao mwanafunzi wa uzamili anasubiri msimamizi wake arudishe sura ya tasnifu aliyoisoma. Nilimfahamu binti mmoja aliyepeleka sura ya pili mwezi wa nane, akaipata baada ya Pasaka, ikiwa na alama mbili za kalamu nyekundu, zote katika ukurasa wa kwanza. Wakati huohuo alikuwa akilipa ada, akilipa chumba, na kaka yake akimwuliza kila mwisho wa mwezi anamaliza lini. Hakuna orodha ya dunia inayopima siku hizo. Kila idara inaweza kuzipima kwa daftari la kawaida: sura imepokelewa tarehe fulani, imerudishwa tarehe fulani. Vivyo hivyo kwa matokeo ya mitihani na siku yanayochukua kutoka. Vivyo hivyo kwa wanafunzi wanaotoka shule za kata, tujue wangapi waliingia na wangapi walimaliza, na waliobaki walikwama kwenye sapu, yaani mitihani ya marudio, walidisko, yaani waliondolewa kwa kufeli, au bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, lilichelewa wakarudi nyumbani. Na tuwapigie simu wahitimu baada ya miaka 3, si kuwauliza mshahara tu, bali kuwauliza tuliwafundisha nini ambacho hawajawahi kukitumia.

Najua pingamizi lililo midomoni mwenu. Hesabu zetu wenyewe nazo zinaweza kupikwa, tena kwa urahisi zaidi, maana mpishi na mlaji ni jirani. Ni kweli. Lakini rudini kwa Thaddeus. Aliwezaje kukigundua kile ambacho jarida lenyewe halikukigundua kwa miaka yote ile? Ratiba ya madarasa ilikuwa wazi kwa kila mtu, naye alikuwa anafundisha katika madarasa hayohayo, kwa hiyo tarakimu ya asilimia 82.5 ilipomfikia, macho yake yalikataa kabla kalamu haijaanza kuhesabu. Mkaguzi wa ng'ambo hawezi kujua kwamba mhadhiri fulani ameshazikwa. Wanafunzi wake wanajua, na mfagizi wa jengo anajua. Tarakimu ile niliyoituma isingeweza kupita kama ingesomwa kwanza na watu wa korido ile.

Kwa hiyo ombi langu kwa uongozi wa chuo hiki ni dogo, halihitaji bajeti wala mshauri mwelekezi. Madodoso ya mwaka huu yatafika mezani kwenu kama kawaida. Yajazeni, kwa sababu ile niliyoieleza ya viza na milango. Ila kabla ya kuyatuma, yatafsirini kwa Kiswahili, yabandikeni yakiwa na majibu yake kwenye ubao ule ule wa ratiba za mitihani, yakae hapo wiki 2, na mtu yeyote anayeona jina la marehemu katika idadi ya wahadhiri aruhusiwe kulikata kwa kalamu.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.